Kiti cha Tatu

Siku ya kwanza kuingia jikoni kwa Daktari nilikuwa na fidla yangu mgongoni na maneno tayari mdomoni: napiga fidla, nimeanza nina miaka kumi na mbili, taarabu naijua, noti nasoma. Daktari, ambaye kabla ya kustaafu aling'oa meno ya nusu ya mtaa wake, alinitazama, akaitazama fidla, akaingia chumbani na kutoka na kasha refu kidogo kuliko langu.

"Wapiga fidla tunao wawili," akasema. "Tuliyemkosa ni mtu wa viola."

Huu ni mwaka wa tisa. Kila Alhamisi jioni nikitoka kwenye ghala la dawa ninakofanya kazi, hapa Vienna, napanda tramu na lile kasha mgongoni, naenda kwenye jiko lile lile. Tuko wanne. Mwalimu, mama aliyefundisha hesabu miaka mingi, ndiye fidla ya kwanza. Fidla ya pili ni Dereva, na ni dereva wa tramu kweli, si utani. Daktari yuko kwenye selo, ile kubwa yenye sauti nene. Mimi niko kati yao, kiti cha tatu, na viola ya kukodi ambayo kila mwezi naapa nitainunua. Majina yao nayaacha, maana hawajui Kiswahili wala hawajui kwamba nawaandika.

Watu wa nyumbani huniuliza kwateti ndiyo nini. Jibu fupi: fidla mbili, viola moja, selo moja, basi. Hakuna anayesimama mbele na kijiti, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Viola ni kama fidla iliyonenepa: nyuzi zake ziko chini zaidi kwa sauti tano, uzi mnene kabisa ni Do, na ukiupiga vizuri unasikia mtu anayekohoa kwa heshima kabla ya kusema neno. Noti zake huandikwa kwa ufunguo wake peke yake, hivyo wiki za mwanzo kila nilichokisoma nilikipiga mahali pasipo. Dereva alikuwa anacheka mpaka upinde unamtoka mkononi.

Ila ugumu wenyewe haukuwa kusoma. Ugumu ulikuwa kwamba nilikuwa nimefunzwa kusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Nilikulia Ng'ambo, Unguja. Kwenye klabu ya taarabu fidla tulikuwa watano, safu moja, na sote watano tulishika wimbo mmoja. Huyu ataupamba hivi, yule ataongeza mkato wake, mwingine atateleza kidole juu ya uzi mpaka wasikilizaji wagune, lakini njia ni moja na sote tumo ndani yake. Bashraf, ule utangulizi wa vyombo vitupu, ikiisha anaingia mwimbaji, na hapo kazi yetu inakuwa kumjibu. Akivuta pumzi, nawe unavuta. Akikawia kwenye neno, unakawia naye. Maalim, aliyenifundisha, alikuwa akinipiga kofi la bega nikitangulia. "Mwimbaji ndiye nahodha," alikuwa akisema. "Wewe baharia, fuata." Na mambo yakikolea utaona akina mama wanainuka mmoja mmoja, wanakuja mbele kwa madaha, noti mkononi, kumtunza mwimbaji.

Kwa hiyo mara ya kwanza kwenda kusikiliza kwateti kwenye ukumbi wa maana, ule wa Mozart ndani ya Konzerthaus, mwaka wangu wa kwanza hapa, nilisinzia. Nasema kweli. Tiketi nilipewa na mtu wa kazini, suti niliazima, na kabla ya nusu saa kichwa kilikuwa kifuani. Jirani alinigusa kwa kiwiko. Baadaye nilijiuliza kilichonipata ni nini, maana muziki wenyewe ulikuwa mzuri na wapigaji walikuwa hodari kupita kiasi. Nikagundua kwamba muda wote nilikuwa namsubiri mwimbaji. Masikio yangu yalidhani ile yote ni bashraf ndefu. Nilisubiri, nilisubiri, mtu haji, nikalala.

Nilichokuja kukijua jikoni ni kwamba muziki huu haukutungwa kwa ajili yangu mimi niliyekaa ukumbini. Ulitungwa kwa ajili ya wale wanne. Habari za mwanzo wake zinaonyesha hivyo. Joseph Haydn, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, fundi asiye na kazi ya kudumu, alialikwa na bwana mmoja mwenye shamba na jumba huko Weinzierl, Austria ya Chini, aitwaye Fürnberg. Pale jumbani palikuwa na padri wa parokia, msimamizi wa shamba, na mpiga selo wa ukoo wa Albrechtsberger. Bwana akamwomba Haydn atunge kitu ambacho hao watatu pamoja naye wanaweza kukipiga. Basi. Huo ndio mwanzo wa kazi iliyofika kwateti 68: padri, msimamizi, mgeni na jamaa mwenye selo. Padri akikosea hakuna anayedai nauli yake.

Hata noti zilipochapishwa ziliuzwa vijitabu vinne, kila mtu chake. Mwenye viola haoni kilichoandikwa kwa fidla ya kwanza. Anaona mistari yake tu, na vimya vyake vya kuhesabu. Ukitaka kujua wenzako wanasema nini, tega sikio. Mpaka leo tunapiga hivyo hivyo, na ndiyo maana mtu anaweza kuijua kwateti moja kwa miaka kumi na bado siku moja akashtuka: kumbe hapa Dereva huwa ananijibu mimi!

Haydn aliijua hali hiyo akaichezea. Mwaka 1781 alitunga sita, zinaitwa opasi ya 33 (opasi ni namba ya kazi ya mtunzi), na ya pili yake ina mwisho wa kihuni kuliko kitu chochote nilichokutana nacho kwenye noti. Wimbo wa sehemu ya mwisho ni mwepesi, wa kurukaruka, kama mtoto anayeteremka ngazi. Unarudi mara kadhaa, unazoeleka. Kisha ghafla muziki unasimama, unakuwa mzito, mistari michache ya huzuni ya kujifanya. Halafu wimbo unarudi, lakini umekatwa vipande. Kipande, kimya. Kipande, kimya. Kipande, kimya. Kipande cha nne, umekwisha, sawa. Kimya kirefu zaidi. Watu wanaanza kupiga makofi. Na hapo, kwa sauti ya chini kabisa, kinasikika tena kile kipande cha kwanza, kana kwamba wimbo unaanza upya. Na hakuna kingine. Ndiyo mwisho.

Tuliipiga kwenye sherehe ya miaka sabini ya Daktari, sebuleni, watu kama thelathini na keki. Tulikuwa tumepanga tuwanase wageni. Tuliwanasa mara moja, wakapiga makofi, wakacheka walipojigundua. Ikaja ile kimya ya mwisho. Mimi nahesabu: moja mbili, moja mbili. Sijui ni keki au ni woga, nikaingia peke yangu, mapema, viola tupu katikati ya kimya cha Haydn. Wageni walidhani ndiyo mchezo wenyewe, wakashangilia zaidi. Mwalimu hakucheka. Miaka miwili baadaye bado tukifika pale ananitazama juu ya miwani.

Kuna kitu kingine ambacho msomaji wa Kiswahili atakifaidi kuliko Mjerumani yeyote, na nimekaa nacho miaka bila mtu wa kumwambia. Mozart, kati ya 1782 na 1785, alitunga kwateti sita akamtunukia Haydn. Kwenye barua ya kumkabidhi anaziita wanawe, na anasema ni matunda ya kazi ndefu na ya taabu. Mozart, ambaye sote tumeambiwa muziki ulimtoka kama maji! Ya mwisho kati ya sita iko kwenye ufunguo wa Do, na mwanzo wake umewasumbua watu tangu siku hiyo. Selo inaanza na Do, ileile, inarudiwarudiwa chini kama mtu anayetembea gizani. Viola inaingia juu yake na La, lakini La iliyoshushwa nusu sauti. Fidla ya pili inaingia na Mi, nayo imeshushwa. Masikio yameshatulia kwenye huzuni hiyo. Ndipo fidla ya kwanza inaingia juu kabisa na La yenyewe, isiyoshushwa, kali kama wembe.

Yaani viola nimesema la yangu ya upole, na Mwalimu kutoka juu ananijibu: La!

Wazungu wameandika kurasa na kurasa juu ya mgongano huo, wameiita kwateti ya sauti zisizopatana. Fétis, mwanamuziki msomi wa Ubelgiji, alifika hadi kuurekebisha mwanzo huo kwa mkono wake, akiamini hauwezi kuwa sahihi. Mimi naona neno lenyewe limeshasema. Ni kukataliwa. Unaleta hoja yako kwa adabu, na mkubwa anakukata. Mozart anayaacha mabishano hayo yaendelee polepole kwa mistari ishirini na kitu, kisha mlango unafunguliwa na Do safi inaingia na jua lake. Nikiwa ukumbini sikuwahi kuusikia mgongano ule kama mgongano, ulinipita tu kama ukungu. Ukikaa kwenye kiti cha tatu unakupata shavuni.

Haydn alizisikia baadhi yake tarehe 12 Februari 1785, nyumbani kwa Mozart, kwenye ghorofa la mtaa wa Domgasse, nyuma ya kanisa kuu la Stefano. Nyumba ipo, ni makumbusho, na mimi nimepita vyumba vyake mara tatu kwa sababu tu ya jioni hiyo. Baba yake Mozart alikuwa amekuja kutoka Salzburg. Haydn akamgeukia mzee yule akamwambia kwamba mbele ya Mungu, na kama mtu mwaminifu, mwanao ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote ninaowajua. Hebu fikiria baba gani asingetamani kusikia hilo kabla hajafa, tena kutoka kwa Haydn. Baada ya miaka miwili yule mzee alikuwa amefariki.

Ila jioni ninayoipenda zaidi ni ya mwaka uliotangulia. Mwimbaji wa Ireland, Michael Kelly, aliyekuwa Vienna siku hizo, amesimulia kwenye kumbukumbu zake kwamba alialikwa mahali kusikiliza kwateti. Fidla ya kwanza: Haydn. Fidla ya pili: Dittersdorf. Selo: Vanhal. Viola: Mozart. Watunzi wanne wakubwa wa mji, wamekaa kwenye viti, wanapiga kwa raha yao. Na Kelly, Mungu ambariki, anasema upigaji wenyewe ulikuwa wa kawaida tu, hakuna hata mmoja aliyekuwa bingwa wa chombo alichoshika. Sentensi hiyo tumeibandika kwenye friji ya Daktari.

Tazama Mozart alikaa wapi. Angeweza kuchukua fidla, baba yake ndiye aliyeandika kitabu cha kufundishia fidla. Alichukua viola. Franz Schubert naye, kwenye kwateti ya nyumbani kwao, kaka zake kwenye fidla na baba kwenye selo, yeye viola. Baba akikosea, inasimuliwa, Franz alikuwa akitabasamu na kusema kwa unyenyekevu kwamba nadhani hapa, baba, kuna kitu kimekosekana. Beethoven alipiga viola kwenye okestra ya Bonn alipokuwa kijana. Dvořák alikula mshahara wa viola miaka kadhaa Prague. Nilipoanza nilidhani viola ndicho kiti cha aliyeshindwa fidla, na utani huo upo hata huku, wa kutosha kujaza gazeti. Sasa nadhani wale waliotaka kujua muziki umejengwaje walikwenda kukaa mahali ambapo juu wanasikia na chini wanasikia.

Tukirudi kwenye vidole. Miaka yangu ya taarabu ilinisaidia mahali nisipotegemea, ikanikwamisha hapo hapo. Piano sauti zake zimeshapangwa, huzisogezi. Kwateti haina piano, kwa hiyo kila sauti inatafutwa papo hapo. Tukishika sauti tatu za pamoja, ile Mi ya katikati, ambayo mara nyingi ni yangu, haitakiwi iwe pale piano inapoiweka. Inatakiwa ishuke, unywele tu, mpaka sauti zote zitulie na usikie kama jiko zima limeacha kutetemeka. Wengine waliozoea piano inawachukua muda kukubali. Mimi kidole changu kilikuwa kinajua kusogea tangu utotoni. Siku Daktari alipoanza kunieleza nishushe kidogo, nikashusha. Nikashusha mno. Ile Mi ikafika kwenye rasti, makamu kamili ya rasti, yaani mojawapo ya ngazi za sauti za taarabu, sauti ambayo Unguja ingefanya mtu aseme "Allah!" na hapa ilimfanya Dereva ashike shavu kama mgonjwa wa Daktari. Kati ya Mi ya piano na Mi ya rasti kuna nafasi nyembamba ambamo kwateti inakaa, na nimetumia miaka kuipata. Siku nikiwa nimechoka kidole bado kinarudi kwao.

Mpiga viola ninayemsikiliza zaidi ni Peter Schidlof. Yeye pia alikuwa mtu wa fidla aliyegeuzwa. Alikuwa mmoja wa vijana watatu Wayahudi waliokimbia Austria mwaka 1938, wakaingia Uingereza, na vita vilipoanza Waingereza wakawafungia kambini kama raia wa adui. Huko kambini ndiko walikoanza kufahamiana. Walipompata Mwingereza mmoja mwenye selo kwateti ikatimia, Amadeus, na ilikuwa ya wapiga fidla watatu, kwa hiyo mmoja ilibidi ahame. Akahama Schidlof. Walipiga pamoja kama miaka arobaini, wale wale wanne. Mwaka 1987 Schidlof akafariki. Waliobaki hawakumtafuta mwingine. Wakafunga.

Nikiwaambia watu hapa hadithi hiyo wanaona ni ya kusikitisha. Mimi kwanza nilishangaa tu: wamevunja kundi kwa sababu ya viola? Kwenye klabu yetu fidla mmoja akifa tunamzika, tunamsomea, na mwezi unaofuata kiti kina mtu.

Kisha tukaanza Beethoven. Nilikuwa namwogopa na bado namwogopa. Tunazipiga zile sita za mwanzo, opasi ya 18, kwa jasho. Zile za mwisho, za 1824 hadi 1826, alizotunga akiwa kiziwi kabisa, hatuziwezi, na Daktari huwa anasema hivyo kila tunapozifungua. Lakini kuna sehemu moja ya opasi ya 130 inayokwenda polepole, iitwayo Cavatina, ambayo hata vidole vya jikoni vinaweza. Karl Holz, aliyekuwa fidla ya pili kwenye kundi lililoipiga mwanzo, alisimulia kwamba Beethoven aliitunga kwa machozi. Ndiyo muziki wa mwisho kwenye ile sahani ya dhahabu Wamarekani waliyoifunga kwenye vyombo vya Voyager mwaka 1977, vikapelekwa angani visirudi. Fidla ya pili ndiyo inayofungua, sauti chache, kama mtu anayemkaribisha mwenziwe kukaa. Ndipo fidla ya kwanza inaingia kuimba.

Karibu na mwisho pana mahali, hapafiki dakika moja, ambapo Beethoven ameandika neno moja la Kijerumani lenye maana ya kubanwa kifua. Sisi watatu wa chini tunapiga mapigo matatu matatu, kimya kimya, sawasawa, bila kuyumba. Juu yetu fidla ya kwanza haimbi tena. Inasema vipande. Inaanza, inakatika, inaingia ikiwa imechelewa, inakata tena, haikutani nasi popote. Ni mtu anayetaka kusema jambo na pumzi hazimtoshi.

Mara ya kwanza tulipofika hapo nilifanya nilichofunzwa. Nikamsikia Mwalimu anakawia, nikakawia naye. Akachelewa, nikamngoja. Baharia, fuata. Mwalimu akateremsha upinde.

"Unafanya nini?"

"Nakufuata."

"Usinifuate," akasema. "Ukinifuata, sina mahali pa kupotelea."

Tukarudia. Nikapiga yangu matatu matatu nikitazama ukuta, pale ilipo kalenda ya benki, nikijizuia kila mara nisimwendee. Kumsikia mtu anahangaika pembeni yako na kutoinua mkono si jambo dogo kwa mtu aliyelelewa kama mimi. Alipotoka kwenye ile sehemu na wimbo ukarudi, hakuna aliyesema kitu. Dereva akaenda kuweka maji ya chai. Tangu siku hiyo nimejua kwamba kumsikiliza mtu na kumfuata ni vitu viwili.

Siku hizi nikienda Konzerthaus silali. Nachagua kiti cha pembeni karibu, ambako naona mgongo wa viola, na sehemu nzima ya kwanza namsikiliza yeye tu. Namwacha fidla ya kwanza aimbe, ataimba tu, hanihitaji. Ukifanya hivyo muziki unageuka nguo iliyopinduliwa, unaona mshono. Ukiwa huna ukumbi karibu, hata simu inatosha, ila vaa visikilizio, na usianze na vitu vizito. Anza na Haydn opasi ya 33, au na Dvořák.

Dvořák ndiye niliyekwenda naye nyumbani. Mwaka 1893 alikuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki New York, na likizo ya kiangazi akaenda Spillville, kijiji cha Wacheki kule Iowa, akaishi kati ya watu wanaozungumza lugha yake. Siku chache tu baada ya kufika akaanza kwateti. Alianza tarehe 8 Juni, tarehe 23 akawa amemaliza, na kwenye noti zake aliandika kumshukuru Mungu kwamba ameridhika na kwamba kazi imekwenda upesi. Waliijaribu pale pale na familia ya Kovařík: Dvořák fidla ya kwanza, baba fidla ya pili, binti viola, mtoto wa kiume selo. Inafunguliwa na viola. Fidla mbili zinameremeta juu kama maji ya asubuhi na viola inaingia na wimbo, wa kwanza kabisa, mbele ya wote. Yule binti wa Spillville nadhani hakulala siku ile.

Lakini niliyoipiga Unguja ni sehemu ya pili, ile ya polepole, ambayo viola haina wimbo. Inabembea tu, juu chini, juu chini, kama mtu anayelaza mtoto.

Ilikuwa Desemba, nimekwenda likizo na viola. Maalim amevuka sabini, anakaa barazani kwake kila alasiri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaichukua viola akaipima mkononi.

"Hii fidla imekula nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na kwateti, Vienna, jiko, kiti cha tatu. Akasema haya, piga. Nikapaka ulimbo upinde, nikapiga mistari yangu ya Dvořák kama ilivyoandikwa. Juu chini, juu chini. Mtoto mmoja aliyesimama kusikiliza akaondoka. Maalim alitulia mpaka nikamaliza ukurasa.

"Umeniletea mirengu," akasema. "Ngalawa iko wapi?"

"Imebaki Vienna, Maalim."

Akamwita mjukuu wake amletee fidla. Akapatanisha nyuzi na Re yangu, akaniambia nianze tena na nisisimame. Nikaanza. Mzunguko wa kwanza hakupiga, wa pili hakupiga, amefumba macho. Wa tatu akaingia, kwa makamu ya nahawandi, juu, kachelewa makusudi. Kidole chake kikateleza palepale ninapopajua tangu utoto na mwili wangu wote ukataka kwenda naye. Sikwenda. Juu chini, juu chini. Akaachia kimya, akarudi kutoka upande mwingine, akapamba, akakata. Haikuwa Dvořák na haikuwa wimbo wowote wa klabu. Umeme ukakatika mtaa mzima, mafeni yakazima, ikawa tunasikika mpaka njia kuu.

Mama mmoja aliyekuwa akitoka dukani akasimama. Akaweka kikapu chini, akaja kwa madaha mpaka barazani, akatoa noti ya elfu mbili akamtunza Maalim. Mimi hakunitazama.